Unachaji Chuma?

Hapa Njoro ukionekana na mashine ya kutafuta chuma, habari inafika Nakuru mjini kabla hujainama kuchimba. Yangu nilitumiwa na binamu aliye Qatar. Tangu siku hiyo wanaume ambao hawajawahi kunisaidia hata kusukuma pikipiki wanasimama shambani kwangu wamekunja mikono, wananiita bosi.

Wanataka dhahabu. Nawaambia, jamani, dhahabu waliikimbilia Kakamega miaka ya 1930. Huku wazungu walileta majembe. Delamere mwenyewe, yule mlowezi mkubwa, alilima ngano Njoro hii ikaliwa na ugonjwa uitwao kutu, na majembe waliyoyaacha ardhini yameliwa na kutu. Kutu ndiye mwenye shamba, sisi wengine wapangaji tu. Hakuna anayenisikiliza.

Tatizo ni mashine yenyewe. Chuma cha kawaida kinalia sauti nene, ya kukoroma. Fedha na shaba zinalia nyembamba. Sasa pete kubwa ya chuma ina tabia mbaya: inalia nyembamba kabisa, inajifanya sarafu. Juzi ililia hivyo, na kabla sijavua vile vya masikioni watu wameshaninyang'anya jembe. Wamechimba mpaka magotini. Ikatoka pete nene, nyekundu kwa kutu, pana kama sinia ya pilau. Kimya. Halafu kila mtu akawa mtaalamu.

"Hiyo ni ya pipa," akasema mzee jirani.

"Mzee, shikamoo, lakini pete ya pipa ni bati jembamba na imefungwa kwa ribiti. Hii ina unene wa kidole, haina ribiti, na pale ilipoungwa pamepigwa nyundo ikiwa moto. Tazama, upande mmoja mpana kuliko wa pili, ili ibane kitovu cha gurudumu. Ni ya mkokoteni wa ng'ombe."

Hapo nikaongeza, kwa kiherehere cha kuelimisha, kwamba mwaka wa 1908 Makaburu walishuka treni Nakuru, wakafunga ng'ombe, wakapanda na mikokoteni yao mpaka Uasin Gishu. Sikusema pete ni yao. Jioni nikienda kununua maziwa naambiwa eti nimefukua sanduku la Makaburu na ninalificha chini ya kitanda. Kitandani kwangu hata viatu havina nafasi!

Kesho yake akaja mjumbe wa chifu, kaniletea sheria ya makumbusho ya 2006: kitu cha kabla ya 1895 lazima kiripotiwe. Nikamwambia reli yenyewe ilifika Nakuru 1900, na walowezi wakaifuata. Akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini dhahabu iko wapi?"

Fundi wa jua kali akajitolea kuipiga grainda ing'ae. Ing'ae iende harusini? Grainda inakula alama za nyundo, na alama za nyundo ndizo cheti chake cha kuzaliwa. Nikachukua ndoo ya plastiki, maji, magadi na chaja ya betri ya gari. Waya wa hasi kwenye pete, wa chanya kwenye kipande cha nondo kuukuu. Stenlesi usiguse, inatoa sumu majini. Povu likaanza kupanda, kutu ikaanza kulegea, nami nikaanza kufurahi. Jirani akaja kuchungulia, sigara mdomoni. Bwana, povu lile ni hewa ya haidrojeni! Nilimfukuza mbio, na sasa anatangaza kwamba nina roho mbaya.

Mama watoto ni mtu wa Kakamega. Alikuwa anatafuta magadi ya mrenda. Akafuata waya kutoka soketi ya sebuleni, dirishani, mpaka kwenye ndoo.

"Baba watoto, unachaji chuma?"

"Ninaitoa kutu."

"Na tokeni ya stima nimenunua mimi."

Usiku ule sikula mrenda.

Lakini pete imetoka, jamani! Nimeisugua kwa brashi, nikaipaka chai kavu nzito ya Kericho ikageuka nyeusi, nikaipasha moto na kuipaka nta ya nyuki. Mapigo ya nyundo yanahesabika. Nikaiweka barazani ili wataalamu wangu wajionee.

Wa kwanza kufika ni kijana wa skrapu na mizani yake. Akaipima, akasikitika.

"Mzee, kilo zimepungua. Ungeniita kabla hujaiosha."

Mama watoto akatoka jikoni anapangusa mikono.

"Na kutu yake," akamuuliza kijana, "ungetupa ngapi?"