Mlango Una Ndugu Saba

Leo nimefika karakana saa mbili kasoro, nikamkuta mzee yule yule ameshakaa. Siku ya nne hii. Amekalia stuli ya mteja, ile ambayo miguu yake bado haijakauka gundi, bakora mkononi, anautazama mlango. "Shikamoo, mzee." Akaitika marahaba bila kugeuka, kama mtu aliye wodini.

Jamani, mimi nina heshima zangu. Hapa Keko, Dar es Salaam, kwenye bati la mbele, pameandikwa kwa rangi ya mafuta: MKURUGENZI. Natengeneza samani za oda kwa mbao zilizokwisha kuishi: milango, miimo inayoishikilia, fremu za madirisha, mbavu za majahazi yaliyochoka. Mbao iliyokauka miaka hamsini haipindi ovyo kama mbichi. Ukitengenezea kabati mbao mbichi mwezi wa nne, mwezi wa nane kabati linapiga miayo. Haya nawaeleza wateja kila siku kwa sauti ya profesa, na kila siku mteja anahitimisha: "Kumbe mtumba! Sasa mbona bei ya dukani?"

Umeme sizungumzii. Msumari uliojificha ndani ya mbao ukang'oa meno ya msumeno wangu Jumatatu, nao sizungumzii.

Nazungumzia mlango. Niliununua Kariakoo, nyumba ya vyumba sita ilikuwa inashushwa kupisha ghorofa. Mninga mtupu, na miimo yake. Laki na themanini, guta elfu kumi na tano, njiani askari akatusimamisha anataka kibali cha mbao. Nikamwambia afande, huu ni mlango. Akauliza nyumba yake iko wapi. Haya, tukafika. Dada mmoja wa Mbezi Beach akatumiwa picha, akalipa nusu: meza ya watu wanane, na matundu ya misumari yaonekane.

Mzee alikuwa anapita zake. Akasimama. Akarudi nyuma hatua mbili. "Huu mlango wa mama."

Akanionyesha mistari ya kisu kwenye mwimo, walikokuwa wanapimwa urefu utotoni. Wakati soko la Kariakoo linafunguliwa 1975, wao walikaa barazani nje ya mlango huu. Lilipoungua 2021, moshi uliingia kupitia mlango huu huu. Mimi natikisa kichwa kwa adabu, randa mkononi, nikijua nikiigusisha tu nitaonekana naranda kaburi la mtu.

Kosa langu ni kumwonea huruma. Jumamosi akaja na ndugu zake. Saba kwa jumla, bajaji mbili. Na kwa ajabu ya biashara hii, wageni saba wakija ghafla kwako watakosa viti; kwa seremala kila mtu anachagua anachotaka. Dada yao mkubwa akaangukia kiti cha enzi ambacho kinasubiri bwana harusi. Kikao kikafunguliwa kwa dua, nikaitikia amina, sijui nilikuwa naombea nini.

Sasa sikiliza. Hela ya nyumba walishagawana. Hiyo hakuna aliyeitaja. Ugomvi ni mlango, eti haukuhesabiwa kwenye mirathi. Huyu anataka urudishwe, sijui wapi, kwenye ghorofa la mtu? Yule anataka uuzwe upya. Kitinda mimba, kijana wa miaka kama hamsini na tano, akasema ukatwe, kila mtu apate kipande chake. Wote wakanigeukia: "Fundi, inawezekana?"

Ningesema haiwezekani. Nikachukua futi, nikapima. Ndiyo, nilipima, ulimi wa fundi hauna breki. Dada mkubwa akakumbusha sheria ya mirathi ya Kiislamu: wanaume wanne mafungu mawili mawili, wanawake watatu fungu moja moja, jumla 11. Nikapiga mistari kwa penseli. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kitaalamu, nikaongeza kwamba vipande saba ni kupasua mara sita, na kila kupasua msumeno unakula milimita 3, kwa hiyo milimita 18 zitapotea.

Kimya.

"Zinapotea kwenda wapi?" akauliza yule kaka wa katikati, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi.

"Zinakuwa vumbi, mzee wangu."

"Na hilo vumbi ni la nani?"

Adhuhuri ikawakuta bado wanabishania lile vumbi. Wakaswali hapo hapo, wakala wali maharage wa kijana wangu, wakarudi kwenye vumbi. Walipoondoka saa kumi, uamuzi ulikuwa mmoja tu: fundi asiuguse.

Na dada wa Mbezi ananitumia ujumbe wa sauti: "Mafundi wote waongo." Hapo ndipo ninapochoka. Babu yangu amekufa mara tatu mwaka huu kwa ajili ya makabati ya watu, na waliniamini, wengine walituma rambirambi. Leo nina sababu ya kweli, yenye mashahidi saba, nimwambie nini? Dada, meza yako iko kwenye mirathi? Hela yake ya nusu nimeshalipia kodi ya banda!

Anayenielewa ni mama wa kuku peke yake, anayekuja na viroba kuchukua maranda ya kutandika bandani. Halipi nusu, analipa yote. Leo kaja, kakuta sakafu safi, hakuna lililorandwa. Nikamweleza. Akaukodolea mlango macho, akamuuliza mzee ulikuwa mtaa gani.

"Sikukuu."

"Mlikuwa mnauza maandazi asubuhi?"

Mzee akageuka, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Mama wa kuku akaweka viroba chini, akavuta stuli. Nayo ina gundi mbichi, lakini nani ananiuliza.