Leseni ikiisha, seva haizimiki

Siku leseni inapoisha hakuna kinachotokea, na hapo ndipo penye balaa. Seva ya Red Hat, ile Linux ya kulipia, itaamka kesho kama ilivyoamka jana, mfumo wa mishahara utafunguka, na mhasibu aliyekataa kusaini ankara atakupita koridoni akikutazama kama tapeli. (Tunaiita leseni kwa mazoea tu. Programu zenyewe ni huria; unacholipia ni masasisho na mtu wa kumpigia simu mambo yakiharibika.)

Niliwahi kurithi seva mbili za namna hiyo, toleo la 8, malipo yamekoma tangu Novemba 2021. Nikaandika dnf update, amri ya kuvuta masasisho, nikajibiwa kwamba mashine haijasajiliwa. Nikafunga dirisha, nikaenda kunywa chai.

Januari 2022 ukatangazwa mwanya wa PwnKit: yeyote mwenye akaunti ya kawaida kwenye mashine angeweza kujipa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mashine, kupitia kijiprogramu kiitwacho pkexec, na kasoro hiyo ilikuwemo tangu 2009. Kiraka kilitoka, waliolipa wakakipata. Mimi saa tano usiku nilikuwa naivua pkexec idhini yake ya SUID, ile inayoiruhusu kuendeshwa kwa mamlaka ya root, kwa amri ya chmod, seva moja baada ya nyingine, roho juu. Na hiyo ni kasoro iliyopewa jina hadi nikaisikia.

Wapo wanaojiokoa kwa usajili wa bure wa watengenezaji programu, ule wa mashine 16. Ule ni wa mtu binafsi. Ukisajili seva ya kampuni kwa barua pepe yako, siku ukiacha kazi umeondoka na funguo za nyumba ya watu.

Kama hela haipo, hama mapema. Rocky Linux na AlmaLinux, Linux za bure zinazofuata nyayo za Red Hat, zilitoka 2021, baada ya CentOS 8, pacha wa bure wa Red Hat, kutangaziwa kifo kabla ya wakati wake, na kila moja ina skripti ya kuhamisha mashine bila kuisimika upya. Seva ya kwanza niliihamishia Rocky Jumamosi moja, chelezo (nakala ya akiba) ikitangulia. Ya pili niliijaribu kwanza kwenye nakala yake: kisakinishi cha programu ya uhasibu kikasoma faili ya /etc/redhat-release, kikakuta jina geni, kikagoma. Wenye programu nao hawakusikilizi kama hauko Red Hat. Hiyo nikaiacha ilipo.

Nikampelekea mhasibu ankara ya seva moja, ile inayobeba vitabu vyake. Alisaini siku hiyo hiyo.