Nimeuza IST kwa Kilo

Mjomba alipofariki alituachia baa ya Magomeni yenye deni, na mimi peke yangu nikaangukiwa na mashine ya gololi. Mnaijua? Ina miguu minne kama kitanda cha hospitali, juu kioo. Unavuta springi, gololi ya chuma inapanda, inagonga huku na kule, taa zinawaka, na wewe unahangaika na vijiti viwili pembeni isidumbukie shimoni. Wazungu wanaiita pinball. Magomeni tuliita mashine ya gololi, na hakuna aliyepotea njia.

Ilikufa siku kijana wa baa alipoichomeka ukutani bila transfoma. Yenyewe ya Marekani, imezoea volti 110, sisi tukaipa 230. Ikatoa moshi, ikatoa harufu, ikatoa roho.

Basi miaka nenda rudi imekaa sebuleni kwangu imebeba nguo za kupiga pasi, hadi mwaka jana mke wangu akaniambia, "Baba Shabani, chagua, mimi au hilo jeneza." Nikaita kijana wa skrepa. Akakadiria kwa macho, akanipa elfu arobaini, akaipakia kwenye guta. Kioo kile cha nyuma, chenye mchoro wa jamaa mwenye macho kodo na ng'ombe, akakikataa. "Mzee, kioo hatupimi." Nilimsindikiza mpaka barabarani kwa shukrani, kama mtu aliyebebewa maiti bure.

Juzi mpwa wangu kaja na simu yake. "Mjomba, ile mashine iko wapi?" Nikamwambia. Akakaa chini. Akanionyesha bei. Mpya kabisa, kutoka kiwanda cha Stern kule karibu na Chicago, inapita dola 6,000. Piga hesabu ya shilingi, hiyo ni gari, Toyota IST! Na za zamani zilizofufuliwa vizuri ndiyo balaa: Medieval Madness ya mwaka 1997 unaweza kukuta inauzwa ghali kuliko mpya. Williams waliokuwa wakiziunda waliacha mwaka 1999, hawaziundi tena, halafu ikaja korona, watu wakafungiwa ndani na hela zao, kila mzee akataka mchezo wa utoto wake uje sebuleni. Sisi korona tulinunua tangawizi na malimao.

Mpwa akanifariji kwamba hata New York walizipiga marufuku tangu mwaka 1942 hadi 1976, wakisema ni kamari, na meya akazivunja kwa nyundo huku anapigwa picha. Faraja gani hiyo? Meya alivunja za watu. Mimi nimeuza ya kwangu, tena nikasema asante.

Nikapanda bajaji mpaka kwa yule kijana. Nimeikuta! Iko chini ya turubai, na miguu yake minne. Nikajifanya nimepita tu.

"Hili dude unauzaje, mwanangu?"

"Milioni mbili, mzee."

"Si uliinunua elfu arobaini?"

"Ndiyo, lakini nami nina simu."

Nikarudi kesho yake na laki tatu ya kikoba. Imefika milioni tatu. Nikauliza kwa nini. "Imefanyiwa ukarabati." Ukarabati wenyewe: kaipulizia rangi ya silva, ile ya majiko ya mkaa, na zile raba za pembeni zinazorudisha gololi kaweka vipande vya tyubu ya baiskeli. Volti haikujadiliwa. Nikaishika pembeni niitikise kidogo, akang'aka, "Mzee, usitikise!" Hapo, kusema kweli, aliongea kitaalamu. Ndani mle kuna kitimazi, kama kile cha fundi mwashi, kinaning'inia katikati ya pete ya chuma. Ukiitikisa kwa nguvu kikagusa pete, mashine inasusa, gololi yako imepotea. Siku hizi nami niko hivyo hivyo, nikiguswa kidogo tu nazima.

Nikamwambia tuwe wakweli, haina hata kioo cha nyuma. Akanyamaza. Kumbe kile kioo cha mchoro ndicho wanachokililia wenye hela zao! Jioni hiyo hiyo kaja kwangu na guta, kavaa shati la kuchomekea, anamwamkia mke wangu shikamoo mara tatu.

Sasa, kioo hicho mke wangu alikipachika mbele ya kabati lake la maandazi, macho kodo anachungulia nje, maandazi yako nyuma yake. Kijana katoa elfu hamsini. Mke wangu hakuinua hata macho kwenye karai.

"Milioni moja na nusu."

"Mama, kwa kioo?"

"Kesho milioni mbili. Nakifanyia ukarabati."

Kijana kaondoka na guta tupu. Nikaona niondoe machungu, nikachukua andazi moja. Nikaweka mia mbili mezani. Mke wangu kaniangalia.

"Mia tatu, baba Shabani. Hilo lilikuwa upande wa ng'ombe."