Ukipigwa Tochi: Kulipa Elfu Thelathini au Kukana Kosa?

Dereva anayesimamishwa Mlandizi, Dumila au Kibaigwa na kuambiwa kwamba amepigwa tochi, yaani amepimwa kwa kifaa cha polisi cha kupima mwendo, huwa na dakika chache za kufanya uamuzi ambao wengi wetu hatuuhesabu kuwa ni uamuzi. Askari anamwonyesha picha kwenye simu, anamweleza kwamba alikuwa kwenye mwendo wa kilomita 67 kwa saa mahali pa 50, anachukua leseni, na muda si mrefu inatoka karatasi yenye namba ya malipo na kiasi cha shilingi 30,000. Walio wengi hulipa na kuendelea na safari huku wakinung'unika. Wachache hubishana kwa hasira juu ya mambo ambayo hata hakimu asingeyasikiliza. Kulipa kuna gharama yake na kukana kuna gharama yake, na kwa kuwa sheria imemwachia dereva nafasi ya kuchagua, inafaa achague akiwa ameshapima.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya 1973 inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na nje ya maeneo hayo kilomita 80 kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Sheria hiyo hiyo inamruhusu askari kumpa mtuhumiwa hati ya taarifa ya kosa, na mtuhumiwa akikiri kosa na kulipa faini, shauri linaishia hapo. Asipokiri, anapaswa kufikishwa mahakamani, ambako Jamhuri ndiyo yenye wajibu wa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka yoyote ya maana. Kwa hiyo askari wa barabarani hamtii mtu hatiani. Kinachofunga shauri ni kukiri kwake dereva, na ndiyo maana maneno yote yenye manufaa yanapaswa kusemwa kabla ya kutia saini, kwa kuwa anayekiri leo na kulalamika kesho anakuwa amejifungia mlango mwenyewe.

Hoja za kulipa si nyepesi kama wanaopenda kesi wanavyodhani. Shauri husikilizwa mahali kosa lilipodaiwa kutendeka, hivyo mkazi wa Dar es Salaam aliyeandikiwa Gairo atapaswa kurudi huko siku atakayopangiwa, na mara nyingi zaidi ya siku moja, kwa sababu mashauri huahirishwa shahidi asipofika au upande wa mashtaka usipokuwa tayari. Nauli, chakula, mahali pa kulala na siku ya kazi iliyopotea humaliza elfu thelathini kabla hajapanda kizimbani. Zaidi ya hapo, hakimu hafungwi na kiwango cha faini ya barabarani. Akimwona mshtakiwa ana hatia, ana wigo mpana zaidi wa adhabu, na leseni yenyewe inaweza kuguswa. Mtu aliyekuwa na uhakika wa kulipa 30,000 anaingia mahali ambapo anaweza kutoka hana deni lolote au akatoka na adhabu kubwa kuliko ile aliyoikataa.

Ipo sababu nyingine ya kulipa ambayo husemwa mara chache: mara nyingi tochi huwa imesema kweli. Kifaa hicho hupima kasi ambayo gari linakikaribia nayo, na askari akisimama pembeni ya barabara, ile pembe kati yake na gari hupunguza kipimo badala ya kukiongeza. Pembe ikifika nyuzi 20, gari linalokwenda 67 husomeka kama 63. Kosa la aina hiyo linamfaidi dereva. Pia kipima mwendo cha ndani ya gari, kwa kanuni za kimataifa zinazofuatwa na watengenezaji wengi, hakiruhusiwi kuonyesha kasi pungufu ya ile halisi, ila kinaruhusiwa kuonyesha zaidi kidogo. Mshale ukisoma 50, huenda gari liko 47 au 46. Anayesema kwa dhati kwamba mshale wake ulikuwa 50 kamili huku tochi ikisoma 67 ana moja kati ya mambo mawili: kipimo kilikuwa cha gari jingine, au gari lake limebadilishwa kitu. Na hapa nawaomba waliofunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani ili kuinua gari wajiangalie vizuri, kwa sababu tairi kubwa husafiri umbali mrefu zaidi kwa kila mzunguko, na mshale hubaki nyuma ya ukweli.

Halafu kuna suala ambalo haki za dereva zisiwe kisingizio cha kulisahau. Vijiji vingi vya kando ya barabara kuu za Morogoro, Dodoma na Iringa vina shule upande mmoja na makazi upande wa pili, na watoto huvuka mara mbili kwa siku. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa na sehemu ya mbele ya gari huongezeka mara 4.5 mwendo unapopanda kutoka 50 hadi 65. Kilomita 5 za kijiji kwa mwendo wa 50 huchukua dakika 6, na kwa mwendo wa 80 huchukua dakika 3 na sekunde 45. Dereva anaokoa dakika mbili na sekunde 15, na anayebeba hatari ni mtu mwingine kabisa. Mtu anayejua moyoni kwamba alikuwa akikimbia kijijini, halafu anatafuta kasoro katika karatasi ili akwepe, simwoni kuwa mtetezi wa haki, hata kama kisheria anaruhusiwa kujitetea.

Lakini upo upande wa pili, na una uzito wake. Tochi inayotumia mawimbi ya redio hutoa mwale unaotanuka kadiri unavyokwenda mbali, kiasi kwamba kwenye foleni ya magari matatu, huku basi likilipita lori, namba iliyoonekana kwenye kioo inaweza kuwa ya basi na aliyesimamishwa akawa mwenye gari dogo lililo nyuma yake. Tochi ya leza ina mwale mwembamba zaidi, ambao umbali wa mita 300 upana wake ni kama mita moja tu, na kwa hiyo makosa ya aina hiyo hupungua, ingawa hayaishi kabisa mkono wa askari unapotikisika au magari yanapofuatana kwa karibu. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la dereva makini linapaswa kuwa juu ya picha: je, namba ya gari inasomeka, alama ya kulenga iko juu ya gari lake au la jirani, saa na mahali vinalingana na pale alipokuwa, na ukomo uliowekwa kwenye kifaa ndio ukomo wa sehemu ile?

Picha yenyewe ina mashaka ya aina yake. Kwa muda mrefu sasa madereva wamezoea utaratibu ambapo askari mmoja hupima akiwa amejificha nyuma ya mti au kwenye kona, kisha anatuma picha kwa WhatsApp kwa wenzake walio kilomita kadhaa mbele. Anayekusimamisha hakukupima, na aliyekupima hukumwona. Barabarani jambo hilo halina athari kubwa, ila mahakamani linabadilisha mambo, kwa sababu aliyeshuhudia kosa ni yule aliyeshika tochi, naye ndiye anayepaswa kuja kuhojiwa alisimama wapi na alijuaje kwamba kifaa chake kinapima sawasawa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama iangalie uaminifu wa njia iliyotumika kutengeneza, kuhifadhi na kusafirisha ushahidi wa kielektroniki. Picha iliyopita simu mbili au tatu, pengine ikiwa imekatwa pembeni, inastahili kuulizwa maswali hayo.

Vibao navyo vina hadithi yao. Kibao cha kuanza kwa 50 huwapo mara nyingi, ila kile cha kuruhusu mwendo kuongezeka tena mara nyingine hakionekani, ama kimegongwa, kimefunikwa na matawi au kimeng'olewa na wauza chuma chakavu. Dereva mgeni aliyekwisha kutoka kijijini, pande zote mbili ni mashamba tu, anaweza kupimwa kilomita moja mbele na kuambiwa bado yuko ndani ya eneo la 50. Huyu ana jambo halisi la kubishania, tofauti na anayesema tu kwamba tochi za polisi haziaminiki.

Kuna manung'uniko mengine yenye msingi ambayo hata hivyo hayamsaidii mtu kukana kosa. Faini ya 30,000 ni moja kwa aliyezidisha kilomita 3 na kwa aliyezidisha 35. Kenya, kwa kanuni za makosa madogo ya barabarani za 2016, ilipanga ngazi: anayezidisha kilomita 1 hadi 5 huonywa, 6 hadi 10 hulipa shilingi 500 za Kenya, 11 hadi 15 hulipa 3,000, na 16 hadi 20 hulipa 10,000. Kwetu, mwaka 2021 Serikali ilishusha faini ya bodaboda na bajaji kutoka 30,000 hadi 10,000, ishara kwamba viwango si msahafu. Naamini ngazi za namna hiyo zingepunguza ugomvi barabarani, kwa sababu mwenye 54 anaona ameonewa na mwenye 88 anaona amepata nafuu. Hata hivyo hiyo ni hoja ya kupeleka bungeni. Hakimu wa wilaya hana la kuifanyia.

Kwa maoni yangu, basi, ukubwa wa faini usiwe kipimo, na hasira isiwe kipimo pia. Anayepaswa kukana ni yule mwenye jambo mahususi linaloweza kuonyeshwa kwa watu wengine: namba ya gari isiyo yake, saa ambayo alikuwa mahali pengine, kibao kisichokuwepo, picha isiyoonyesha gari lililolengwa. Akiwa nalo, aombe kwa adabu kuona picha nzima, apige picha ya mahali na vibao, achukue namba za abiria waliokubali kuwa mashahidi, aseme wazi kwamba hakiri kosa, na asitie saini ya kukiri. Kabla ya kufika mahakamani bado ipo hatua ya kati ambayo wengi huiruka, nayo ni kumwandikia RTO, yaani mkuu wa polisi wa usalama barabarani, wa mkoa husika akiambatisha ushahidi huo, kwa kuwa kosa la namba au la picha ni jambo ambalo ofisi inaweza kulirekebisha bila hakimu. Asiye na jambo la namna hiyo alipe siku ile ile.

Njia mbaya kuliko zote ni ya kunyamaza. Kutolipa bila kukana rasmi hakuhesabiwi kuwa utetezi. Deni hubaki likisoma kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, huongezewa adhabu muda ukipita, na gari linaweza kuzuiwa mkoa wowote askari atakapoliangalia, hata likiwa limeshauzwa kwa mtu asiyejua lolote. Kutoa elfu tano au elfu kumi chini ya leseni nako ni kosa kwa anayetoa na anayepokea chini ya sheria ya rushwa ya 2007, na kwa aliyeonewa kuna hasara ya ziada: uonevu wenyewe unafutika, na kesho dereva mwingine anapimwa kwa tochi ile ile isiyoulizwa swali.

Wanaobanwa zaidi ni madereva wa kuajiriwa. Dereva wa lori la Tunduma au basi la Mwanza hawezi kuacha mzigo au abiria akasikilize kesi Mlandizi, na matajiri wengi humkata faini hiyo kwenye mshahara bila kumuuliza. Kwa mabasi ya mikoani angalau upo mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, wa kufuatilia mwenendo wa mabasi, unaohifadhi kasi na mahali gari lilipokuwa, na rekodi hiyo inaweza kuunga mkono tochi au kuipinga. Mmiliki aiombe na kuiangalia pamoja na dereva wake kabla ya kuamua nani alipe. Anayekata mshahara bila kufanya hivyo anamnyima mfanyakazi wake utetezi ambao yeye mwenyewe tayari anaulipia.