Njugu Ilikuwa Moja, Acheni Uongo

Wewe jirani wa mlango wa tatu, ambaye tangu juzi jioni unazunguka ploti nzima ukisema nilikula kazi ya mtoto nikaimaliza: njugu ilikuwa moja. Moja! Maharagwe sikula, yalikuwa mabichi. Lakini kwa kuwa umeshaifikisha hadi kwa kinyozi, wacha nisimulie mwenyewe, angalau nichekwe kwa nilichokifanya.

Wazazi wa Gredi ya 9 mnaijua hali yetu. Huu mtaala wa umilisi, kazi anapewa mtoto, jasho linamtoka mzazi. Safari hii mwalimu wa sayansi alitaka kielelezo cha ioni ya sodiamu, yaani atomu ya sodiamu yenye chaji ya umeme, kitengenezwe kwa vitu vya nyumbani, halafu siku ya wazazi baba au mama asimame na mwanawe kukieleza.

Binti yangu hana makuu. Alikata katoni ya sabuni, akachora mizingo miwili kwa vifuniko vya sufuria, akaenda soko la Mutindwa na shilingi hamsini. Protoni zikawa punje 11 za maharagwe ya rosekoko. Nyutroni, punje 12 za mahindi meupe. Zote akazibandika katikati kwa gundi ya unga wa ngano, kiini kikafanana na githeri iliyomwagika. Elektroni zikawa njugu za kukaanga, mbili mzingo wa ndani, nane wa nje. Juu akaandika herufi Na, kifupi cha sodiamu, na begani mwa hiyo Na alama ndogo ya kujumlisha.

Nikarudi saa nne usiku, yeye kalala. Nikahesabu. Rosekoko 11, njugu 10. Sasa mimi kemia nilikomea kidato cha pili (sababu muulizeni mwalimu wangu wa wakati ule, mimi sina la kusema), na kilichobaki kichwani ni kimoja tu: atomu ina protoni na elektroni sawasawa. Halafu hiyo alama. Kujumlisha si ni kuongeza? Mtoto kaandika aongeze, akasahau kuongeza! Nikacheka peke yangu pale mezani, kile kicheko cha baba aliyesoma. Nikatoa njugu kwenye pakiti yangu ya chumvi, nikakoroga unga, nikaibandika ya 11 huko nje peke yake, maana ndani palionekana pamejaa.

Mlioenda shule mmeshashika kichwa. Kwa wenzangu wa kidato cha pili: protoni ni chaji chanya, elektroni ni chaji hasi, ni kama deni. Deni moja likikutoka, hesabu yako inapanda. Protoni 11, elektroni 10, imebaki chanya moja, na hiyo ndiyo ile alama ya begani. Mtoto alikuwa sahihi kama saa. Ni mimi niliyechukua ioni yake usiku wa manane nikairudisha kuwa atomu.

Asubuhi yeye alitangulia, katoni nikabaki nayo. Chai sikunywa. Matatu ikakwama Barabara ya Jogoo kama kawaida yake, katoni mapajani, na mama mmoja wa makamo kando yangu anaitazama kwa jicho la huruma.

“Baba, hiyo ni biashara gani?”

“Si biashara mama. Ni kazi ya mtoto. Ni atomu.”

“Atomu si ndiyo ile ya bomu?”

Aliuliza kwa sauti ya sokoni. Makanga akageuka. Kijana wa mbele akatoa kisikizi sikioni. Ikabidi nieleze matatu nzima kwamba ni maharagwe jamani, ni rosekoko, na nikainua katoni waone. Kuiinua ndiko kulikoniponza. Gundi yangu ya usiku haikuwa imekauka, dereva akapitia shimo, na ile njugu ya 11 ikadondoka, ikatua juu ya suruali yangu.

Nilijua ni ya nani, nisidanganye. Lakini tumbo lilikuwa limenguruma tangu nipande matatu kule Umoja, na njugu inanukia. Nikatazama dirishani kama mtu anayesoma mabango. Nikaila.

Ilikuwa na chumvi. Nimekuja kuambiwa kwamba kwenye chumvi ya ile njugu ndimo zilimojaa ioni za sodiamu za kweli, zilizokamilika. Ndizo nilizozimeza.

Na hapo, wadau, bila mimi kujua, mambo yalikuwa yamerekebika. Rosekoko 11, njugu 10. Ningeteremka nikatembea moja kwa moja hadi darasani, leo ningekuwa shujaa. Lakini mkono wa mtu mwenye hatia hautulii. Pale getini nikahesabu tena, nikaona pengo, roho ikaruka. Njugu ya kubandika sina, ile pakiti imebaki mezani. Kama huwezi kuongeza upande huu, si unapunguza upande ule? Nikang'oa rosekoko moja kwa ukucha, nikaitia mfuko wa shati. Kumi kwa kumi. Mizani imekaa. Nikaingia nimenyoosha shingo.

Sasa njooni polepole.

Darasa limejaa. Wazazi ukutani, watoto kwenye madawati, binti yangu yuko mbele na sweta lililopigwa pasi. Tunaitwa. Anaipokea katoni, anaanza vizuri: hii ni ioni ya sodiamu, kwenye kiini ina protoni kumi na mo... Naona kidole chake kinatembea juu ya maharagwe. Kinasimama. Kinarudi mwanzo. Kinatembea tena. Ananitazama. Mimi natazama ramani ya Afrika.

Kijana wa dawati la mbele, meno mbele, kalamu sikioni, akainua mkono. “Mwalimu, mimi nahesabu protoni kumi.”

Mwalimu, mama mmoja mpole, akasogea. Akainama. Akapapasa mahali palipobaki alama nyeupe ya gundi, palipokaa shimo la ukubwa wa rosekoko kamili. “Mzazi, hapa palikuwa na nini?”

Nikasema, “Mwalimu, nilikuwa nasawazisha.”

“Unasawazisha nini?”

“Zilikuwa hazitoshani na hizi za nje.”

Akachukua chaki. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akaeleza darasa, na mimi humo humo kama mwanafunzi aliyechelewa, kwamba elektroni huja na kuondoka, jina la sodiamu lisibadilike. Lakini protoni ndiyo kitambulisho. 11 ni sodiamu. Ukiwa na 10, huo ni ukoo mwingine kabisa, hiyo ni neoni. Akajumlisha na mahindi: 10 na 12, 22. “Neoni-22,” akasema. “Na ipo kweli. Mzazi hakukosea hesabu, amekosea elementi.”

Neoni, gesi ya taa za mabango! Ramsay na Travers waliivumbua London mwaka 1898 kwa kuhangaika na hewa iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, mimi nimeitengeneza getini kwa ukucha.

Ningenyamaza hapo. Lakini yule kijana wa kalamu alikuwa hajaniachia. “Mwalimu, na hii alama ya gundi hapa nje? Hapa palikuwa na elektroni?”

Binti yangu akageuka. “Mimi sikubandika kitu hapo.”

Kimya. Kile kimya ambacho unasikia feni ya ofisi ya jirani. Mwalimu ananitazama, wazazi wananitazama, ramani ya Afrika nayo naona kama inanitazama. Nikatoa rosekoko mfukoni nikaiweka mezani taratibu, kama mtu anayesalimisha silaha, nikitumaini itatosha.

“Na elektroni, mzazi?”

Nilikuwa na majibu mengi. Imeanguka. Imeibwa. Matatu ilijaa. Midomo ikafunguka, ikasema yake:

“Niliila.”

Sijawahi kusikia watoto wakicheka namna ile. Walicheka hadi mmoja akateleza chini ya dawati. Mzazi mmoja alitoka nje ameziba mdomo kwa leso, na huyo, ndugu zangu, alikuwa mke wa jirani wa mlango wa tatu. Mwalimu mwenyewe aligeukia ubao na mabega yakawa yanatetemeka. Akajaribu kunisaidia, akasema kuila elektroni ya nje ndiyo hatua pekee sahihi niliyoifanya, kwa sababu elektroni za sodiamu, mzingo kwa mzingo kutoka ndani, ni 2.8.1, ikipoteza ile moja inabaki 2.8 na inakuwa ioni. Msaada gani huo! Darasa likaangua upya.

Mengine hayana maana. Rosekoko ikarudishwa kwa gundi ya dukani, mtoto akapata alama zake zote, hakunisemesha hadi Donholm. Mama yake aliposikia aliketi chini jikoni. Kwenye ploti sasa naitwa Baba Neoni, na makanga mmoja amenipakia leo asubuhi akauliza kama nimebeba bomu.

Ninachojutia ni kukosa kumshauri mtoto atumie punje za wimbi. Mwalimu alisema protoni ina uzito wa karibu mara 1836 wa elektroni, kwa hiyo hata njugu yenyewe, inayokaribiana na rosekoko kwa ukubwa, ilikuwa uongo tangu mwanzo. Wimbi moja ingedondoka pale Jogoo nisingeiona, seuze kuila.

Wiki ijayo wanaingia mada ya maji magumu, yale yanayokataa kutoa povu la sabuni. Kuna ioni ya kalisiamu huko, na nasikia hiyo hupoteza elektroni mbili. Jana usiku, wakiwa wanakata katoni, niliuliza kwa upole tu kama watatumia njugu. Hakuna aliyenijibu, na pakiti yangu imehamishiwa juu ya kabati.