Singo molti (single malt) ya Marekani imeanza kuniingia, ila sio zote

Ukitaja wiski ya Marekani watu wanawaza bourbon tu, ile ya mahindi yenye utamu utamu, na ukitaka ya kimea cha shayiri unaambiwa nunua ya Scotland. Sasa tangu Januari 2025 serikali yao inaitambua rasmi singo molti ya Marekani, baada ya wenye viwanda kuungana tangu 2016 kuipigania, na sheria yenyewe haina mengi: kimea cha shayiri asilimia 100, ikenekwe (ichemshwe na mvuke wake upoozwe) kwenye kiwanda kimoja, kila kitu kifanyike humohumo nchini, na pipa la mwaloni lisizidi lita 700.

Wanaoiponda wana hoja aisee. Scotland wiski lazima ikae kwenye pipa miaka 3, Wamarekani hawajawekewa hata kima cha mwaka mmoja, na rangi ya karameli ruksa, japo hiyo hata Scotland inaruhusiwa. Watetezi wanakwambia Texas kuna joto, viwanda kama Balcones pale Waco wiski yao inakolea mapema, sawa, ila kukolea rangi sio kukomaa, na joto hilohilo linavukiza wiski pipani. Halafu bei sasa, unatoa hela ya Scotch (wiski ya Scotland) ya miaka 12 unapewa kitu kichanga kinanuka mbao.

Mimi kilichonilainisha ni wiski ya Del Bac ya Tucson, Arizona. Mwanzilishi wake Stephen Paul alikuwa anatengeneza fanicha za mesquite, mti wa jangwani kwao, mabaki ya mbao wanachomea nyama, mkewe akamuuliza si tukaushie na kimea kwa moshi huu badala ya ule wa mboji (peat, udongo wa kinamasi unaowaka) kama Scotland? Ndo hivyo wiski ikatoka na moshi wa nyama choma kabisa, hauna ile harufu ya dawa ya hospitali. Na ulegevu wa sheria hapa unasaidia, bourbon inalazimishwa pipa jipya lililochomwa ndani, hii unaweza kuilaza kwenye pipa lililotumika na shayiri ikasikika.

Kwa hiyo angalia lebo, ikiandikwa "straight" ujue imekaa miaka 2 au zaidi, ikitaja umri kabisa ndo bora. Zile zinazohangaika kufanana na Glenlivet, singo molti maarufu ya Scotland, mi naziacha, Glenlivet yenyewe ipo na mara nyingi bei yake ni nafuu.