Kidole gumba hakipimi upepo

Jumanne nilipanda boda kutoka Mbezi Mwisho kwenda Goba, mvua imetoka kukatika. Tukiwa kwenye mteremko pikipiki ikaanza kucheza mkia. Dereva anainyoosha, inarudi. Anainyoosha tena, inarudi tena. Nikamwomba asimame. Akashuka, akabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba, akaniambia, "Liko fiti bosi, twende."

Naendesha pikipiki mwaka wa tisa huu, na geji ya kupimia upepo wa tairi haitoki kwenye begi langu. Nikaichomeka. Mshale ukagota psi 17, psi ndiyo kipimo cha upepo wa tairi. Boxer kama ile, nyuma inataka 28 ukiwa peke yako na 32 ukibeba abiria, mbele 25. Yaani tulikuwa tunashuka mlima kwenye lami yenye maji, watu wawili, na upepo wa nusu tairi.

Niseme ukweli, nilikasirika, na bado nina hasira. Si kwa yule kijana, ila kwa hii tabia ya kubonyeza na kupiga teke ambayo kila kijiwe kinarithishana. Ukuta wa tairi la pikipiki ni mgumu wenyewe. Kati ya 18 na 28 kidole hakioni tofauti, na pikipiki ikiwa imesimama bila mtu, tairi linaonekana limejaa vizuri kabisa. Panda wewe, panda abiria na kiroba chake cha mchele, hapo ndipo linapolala. Kila mzunguko ukuta unakunjika na kukunjuka, mpira unapata moto, nyuzi za ndani zinachoka. Ukifunga breki, tairi linajisogeza kwenye rimu na kuiburuta tyubu, mpaka vali inachanika pale kwenye shina. Hiyo ndiyo pancha isiyo na msumari ambayo kila mtu anaishangaa. Fundi anabadilisha tyubu, analipwa, na wiki mbili baadaye mnaonana tena. Angalieni vali zenu leo: ikiwa imeinama badala ya kusimama wima, tairi limeshatembea.

Kujaza mpaka tairi linadunda nako hakusaidii, maana sehemu inayoshika barabara inakuwa ndogo na kwenye mchanga unaenda chini. Na mishikaki, yaani kupakia abiria wawili au zaidi, haina psi yake, tusidanganyane.

Nakubali, wapo mafundi pancha wa zamani ambao mikono yao hukaribia ukweli. Nimewahi kumpima mmoja, alikosea kwa 3 tu. Lakini huyo amejaza matairi tangu nikiwa shule ya msingi, na hata yeye hayuko nawe asubuhi unapowasha. Asubuhi ndiyo saa ya kupima, tairi likiwa baridi. Mchana likishapata moto geji inasoma juu, na ukiupunguza upepo huo, kesho utaamkia tairi lililolegea.

Kinachoniuma zaidi ni wenye pikipiki. Hesabu, ile pesa ya siku anayopelekewa mwenye chombo, inadaiwa kila jioni bila kukosa, lakini geji, ambayo bei yake haifiki hesabu ya siku mbili, haijawahi kununuliwa. Kijana anakabidhiwa chombo, funguo na deni. Abiria wake ni mama zetu na watoto wanaokwenda shule. Mnunulieni geji jamani.

Siku ile tulisukuma mpaka kwa fundi, tukajaza 32, na mpaka Goba pikipiki haikuyumba hata mara moja. Nilimwachia yule kijana geji yangu. Jana asubuhi kanitumia picha: mshale uko 27, na chini ameandika, "Kaka, juzi niliweka 32 na sijaona pancha. Nitafute wapi?" Nikamjibu atoe kifuniko cha vali, apake mate juu ya tundu, aangalie kama kuna povu. Baada ya dakika tano akajibu kwamba lipo.